Mwaka wa Kuziba

Mama mkwe wangu tulimzika Kishapu siku ya Jumamosi. Jua lilikuwa kali na ardhi ngumu, na wanaume waliochimba kaburi walipokezana sururu kila baada ya dakika chache. Siku zote za msiba nilikuwa jikoni. Mimi ni fundi cherehani, mikono yangu haijui kukaa bure, na kule kukaa mkekani huku watu wanakupima kama unalia vya kutosha sikuwezi. Nikapewa sufuria kubwa la maharage na mwiko, na wifi yangu Doto akawa mwenzangu. Doto ndiye aliyenirudisha kwenye mwaka ule, kwa jambo alilolisema siku moja baada ya maziko tukiwa tunachambua mchele. Nikilisema sasa hivi halitaeleweka. Kwanza inabidi nieleze habari ya tumbo.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mwaka wa nne wa ndoa yangu na Shija. Tulipanga vyumba viwili Katoro, upande wa Geita, nyuma ya soko. Shija alikuwa fundi wa makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na jioni alirudi mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Chumba cha mbele kilikuwa changu: cherehani, meza ya kukatia, kioo kilichopasuka kona moja, na stuli yangu ambayo hakuna mteja aliyeruhusiwa kuikalia. Nilishona sare za shule, sare za kwaya, na vitenge vya wake wa wachimbaji ambao kila mmoja alitaka mshono aliouona kwa mwenzake jana yake. Kazi yangu ni kupima watu viuno, kwa hiyo sikuhitaji daktari aje kuniambia kwamba kiuno changu kinakua. Mwanzoni mwa mwaka nilikuwa na inchi thelathini na mbili. Ilipofika Mei zilikuwa thelathini na nane, na tumbo lenyewe lilikuwa gumu ukilibonyeza, limekaa upande.

Wateja nao wana macho. "Hongera, fundi," walisema, na wengine waliongeza, "lini?" Nilijibu Mungu akipenda. Ningewajibu nini kingine? Kibaya zaidi nilikuwa natafuna pemba, ule udongo wa vipande unaouzwa sokoni, na kila mwanamke anajua ni nani hutafuna pemba. Hawakujua kwamba hamu ya udongo inaletwa pia na upungufu wa damu, na mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba kila mwezi natoka damu siku kumi, siku kumi na mbili, mabonge kwa mabonge, na kwamba mimba mbili zilikwishatoka kabla hazijaonekana. Juu ya stuli niliweka mto mweusi niliouwekea mfuko wa nailoni ndani, nikaushona vizuri na kuuwekea mpira pembeni. Watu waliusifia ule mto, na mmoja aliniomba nimshonee wa kwake.

Wakati wa kuuza pamba tulikwenda Kishapu kumsalimia mama mkwe. Yeye watu wote walimwita Mama Kulwa, na heshima ya kuzaa pacha kwetu si ndogo. Kulwa mwenyewe hakuwepo tena. Alifariki siku aliyojifungua, damu ilikataa kusimama, na kwa sababu hiyo nyumba ile ilikuwa na jina ambalo linaitwa kila siku na mwenyewe hayupo. Waliobaki ni Doto, pacha wake, na Shija aliyewafuata. Nilipiga goti, "Shikamoo Mama," naye hakuitikia marahaba kwanza. Aliweka viganja vyake viwili juu ya tumbo langu, akavituliza pale, akafumba macho. Halafu akamwita Doto amkamate kuku.

Sikumwambia. Mpaka leo najiuliza kwa nini mdomo wangu, ambao haukosi la kusema, siku hiyo ulikufa ganzi. Shija alinitazama, nami nikamtazama. Tukaketi, nikapewa paja na firigisi, na nikala kuku wa mimba isiyokuwepo. Nilimaliza mpaka mchuzi. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na kuku alikuwa mtamu.

Siku ya pili yake asubuhi nilikuwa nimekaa na mama kwenye chumba cha magunia ya pamba, tunabangua karanga. Nilisimama kwenda nje, nikahisi joto miguuni, nikaanguka palepale. Nakumbuka vitu vichache. Nakumbuka harufu ya pamba. Nakumbuka mkeka, na damu yangu ikitafuta njia kati ya ukili na ukili, na mama akivua khanga yake ya juu na kunifunga kiunoni, anakaza kwa nguvu kama anafunga mzigo. Hakupiga kelele. Alikuwa anarudia jina moja kwa sauti ya chini, na jina hilo halikuwa langu, lilikuwa la Kulwa.

Hospitali ya mkoa walinipima wakakuta damu gramu tano. Niliongezewa chupa mbili, na Shija akatoa ya kwake. Kipimo cha picha kilionyesha uvimbe zaidi ya mmoja kwenye kizazi, mkubwa wao kama embe dodo, na daktari mkubwa akasema suluhisho ni kukitoa kizazi chenyewe, kwa sababu kuutoa mmoja mmoja kwa mtu mwenye damu kidogo kama yangu ni hatari. Alisema kwa upole. Nilimwomba muda nifikirie, akasema muda upo ila si mrefu, kwa sababu nikitoka tena damu vile nikiwa mbali na hospitali, asingeniahidi kitu.

Jioni yake daktari mwingine, kijana mwembamba, alivuta kiti karibu na kitanda. Doto alikuwa amekaa miguuni kwangu ananimenyea chungwa. "Ipo njia nyingine, dada, ila hapa hatuifanyi," alisema. "Dar wapo wanaoifanya. Wanapitisha mrija mwembamba sana kwenye mshipa wa damu wa pajani, wanausukuma wakiangalia kwenye kioo mpaka kwenye mishipa inayoulisha uvimbe. Halafu wanaiziba kwa chembe ndogondogo. Uvimbe ukikosa damu unasinyaa. Hupasuliwi, na kizazi kinabaki." Mimi katika maneno yote yale nilisikia mawili tu: kizazi kinabaki. Doto naye alisikia moja, na si katika yale mawili. Alisikia wanaziba.

Hapa mtu wa mbali anaweza asielewe. Kwetu mwanamke asiyezaa anaambiwa ameziba. Mirija imeziba, au mtu mbaya amemfunga kizazi, na yote hayo dawa yake ni kuzibuliwa. Maisha yangu yote nimesikia habari za kuzibua: mizizi ya kuchemsha ya kuzibua, mafuta ya kuzibua, hata maombi ya kuzibua yalifanyika Katoro uwanjani kwa spika kubwa. Sikuwahi kumsikia mtu aliyepanda basi kutoka Shinyanga mpaka Dar es Salaam ili akazibwe.

Kikao kilifanyika Kishapu, chumba kilekile cha magunia, mkeka mwingine. Kulikuwa na ugali wa mtama, nsansa, ile mboga ya majani yaliyokaushwa, iliyoungwa karanga, na maziwa mgando kwenye kibuyu, na mimi niliwekewa maini peke yangu na juisi ya rozela, kwa ajili ya damu. Mama mkwe hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na cha mnadani. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo, na Kisumbwa na Kisukuma vinakaribiana kiasi cha kukudanganya, unadhani umeelewa kumbe umeelewa nusu. Kwa hiyo Doto alitafsiri. Alipofika kwenye neno la daktari nilimsikia akitumia lile linalotumika kwa mwanamke aliyefungwa, nikataka kumkatiza, lakini sikuwa na neno lingine la kumpa.

Baba mdogo wa Shija aliweka tonge chini. "Yaani mwanamke hajazaa hata mmoja," alisema kwa Kiswahili, ili nisikie vizuri, "halafu sisi tumpeleke akazibwe?"

Shija alikuwa anaangalia mikono yake. Aliyejibu ni kaka yangu Deo, aliyekuwa amekuja kutoka machimboni Geita kwa ajili yangu, na viatu vyake vya mpira alikuwa hajavibadilisha. "Baba, mimi ni mchimbaji," alisema. "Duara langu, lile shimo la kuchimbia dhahabu, likiingiza maji, silifukii. Nashuka, natafuta ufa unaoleta maji, nauziba huo ufa kwa mfinyanzi. Duara linabaki, kazi inaendelea. Daktari wa mkoa anataka kufukia duara. Hawa wa Dar wanaziba ufa."

"Kwa hiyo dada yako ni duara," alisema baba mdogo, na watu wakacheka, hata mimi. Doto alitafsiri huku anajifuta machozi ya kicheko. Mama hakucheka. Aliuliza swali moja, Doto akanigeuzia: nikibaki hivi nilivyo, daktari alisema nini? Nikajibu alichosema daktari, kwamba mara nyingine damu inaweza isisimame. Mama alifungua kichupa chake cha ugoro, akavuta, akajipangusa pua kwa upindo wa khanga taratibu sana. Halafu akasema kwa Kiswahili chake, akinitazama mimi na si wale wanaume, "Nimeelewa. Aende." Mwenye nyumba akishasema hivyo hakuna kikao tena. Baba mdogo akarudi kwenye ugali wake. Nilimpenda Deo siku ile kuliko siku zote, kwa ajili ya duara lake, na kwa miaka yote iliyofuata nilimsimulia kila mtu jinsi kaka yangu alivyomfanya mwanamke asiyejua kusoma aelewe kitu ambacho madaktari wenyewe wanahangaika kukieleza.

Pesa ilipatikana, sina haja ya kueleza sana. Doto alinisindikiza. Mama hakuja, lakini alituma furushi la michembe, viazi vile vilivyokatwa vikakaushwa, kwa sababu hakuamini kwamba Dar kuna chakula. Wodini nesi alikuwa anaandika majina. "Nikuite Mama nani?" aliuliza. Nikamwambia Yustina. "Yustina ni jina lako. Mtoto wako anaitwa nani?" Nikamwambia aniite fundi. Akaniangalia, akaandika, na tangu hapo wodi nzima ikaniita fundi.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Aliniketisha, akanichorea kwenye karatasi. Nikamuuliza kuhusu mtoto. "Sikuahidi," alisema. "Wapo wanaopata baadaye, wapo wasiopata, na huwa hatuwezi kusema sababu ni hii au ni ile. Ninachokifuata mimi ni hiyo damu. Umenielewa?" Nilimwambia nimemwelewa, na kweli nilimwelewa. Kuelewa na kukubali ni vitu viwili, lakini hakuniuliza cha pili.

Chumba chenyewe kilikuwa na baridi ya kukufanya ujute. Sikulazwa usingizi kabisa, nilichomwa sindano ya ganzi pajani na dawa ya kunituliza, basi nikawa nimelala pale nasikia kila kitu. Walikuwa wamevaa aproni nzito za kuzuia mionzi, na wanabishana kama kantini leo ni samaki au maharage tena. Nesi mmoja aliapa kwamba ameona samaki kwa macho yake. Mimi nilikuwa nakodolea kioo. Walipopitisha dawa ya rangi nilihisi joto linateremka tumboni, na kwenye kioo ikatokea mishipa yangu, nyeusi, imejiviringisha kama uzi uliokwama chini ya cherehani. Nilishangaa kwamba vurugu ile yote ilikuwa ndani yangu na mimi nakaa nashona vifungo. Daktari akasema, "Naziba sasa, fundi, tulia." Uzi ukaanza kufifia. Kila walipopitisha ile rangi tena, ilionekana mishipa michache zaidi, mpaka pale palipokuwa na vurugu pakawa peupe. Nililia, si kwa maumivu. Nesi wa samaki alinifuta.

Maumivu yalikuja baadaye. Niseme ukweli, maana watu wanasikia hakuna kupasuliwa wanadhani ni kama kutoboa masikio. Nilitakiwa kulala chali bila kukunja mguu, na tumbo lilinikaba kwa uchungu ambao mwanamke wa kitanda cha jirani, mwenye watoto wanne, alisema anaujua. Nilipewa dawa, nikatapika, nikapewa nyingine. Doto aliloweka michembe kwenye chai ya hospitali akanilisha kama mtoto, na ilikuwa mibaya kupita kiasi. Siku ya tatu nilitembea mwenyewe mpaka dirishani.

Nilirudi Katoro na kidoa pajani kidogo kuliko tundu la kifungo. Mwezi wa kwanza baada ya kurudi damu haikubadilika sana nikaanza kumlaani kila mtu. Miezi mitatu ilipopita zilikuwa siku nne, na nyepesi. Nilifumua ule mto mweusi, nikatoa nailoni, nikamshonea yule mteja aliyeuomba. Pemba ilianza kunichefua. Kila Jumapili baada ya misa nilijipima, thelathini na saba, thelathini na sita, na kufikia Desemba zilikuwa thelathini na tatu. Wateja waliosema hongera sasa wakaona tumbo limekwenda na hakuna mtoto, wakaanza kusema pole. Zile pole ziliniuma kuliko mrija wa daktari. Nilizipokea zote, ningefanyaje.

Krismasi tulikwenda Kishapu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya mama, nimeyapanga na majibu yake. Hakuuliza. Aliponiona ninashuka kwenye gari alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Kabla ya hapo aliniita Yustina. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ni neno la heshima kwa mwanamke yeyote, nikadhani basi amenipandisha kuwa mgeni. Siku ya pili nilikuwa chumba cha magunia, na kwenye baraza, upande wa pili wa ukuta, baba mdogo alikuwa anaongea na mama. Kisukuma kilichosemwa polepole nilikielewa. Alikuwa anasema Shija aongeze mke, yupo binti kule Songwa, wa watu wazuri. Mama akamjibu, "Nyumba ya Shija imejaa." Baba mdogo akauliza imejaa nini, watu wawili na cherehani? Mama akarudia vilevile, imejaa, kisha akamuuliza habari za mbuzi.

Nilidhani ananikejeli. Nyumba imejaa, wakati kila anayepita anaona ilivyo tupu. Nikaweka hilo moyoni, na lilikaa huko miaka tisa. Mtoto hakuja. Tulihamia Kahama, duka likakua, nikaajiri mafundi wawili, damu haikunisumbua tena, na mtoto hakuja. Kila tulipokwenda Kishapu nilimsubiri mama aulize. Wanawake wengine wakianza, yeye aliwakatiza na kuwatuma maji. Nilikasirika. Nilijiambia huyu mama amenikatia tamaa, hanioni kama mtu wa kuulizwa, ananiita mayu ili asiniite tasa. Tulibangua karanga pamoja mara ngapi, magoti yetu yakigusana, yeye kimya na mimi kimya, na mimi nilikuwa na hasira kweli.

Sasa narudi kwenye ule mchele wa msibani. Doto alikuwa ananisimulia habari za mama siku zake za mwisho, nami nikasema, kwa ile hasira yangu ya zamani, kwamba hajawahi hata mara moja kuniuliza habari za mtoto. Doto aliacha kupepeta.

"Angekuuliza vipi," alisema, "na yeye ndiye aliyeruhusu ufungwe?"

Nikamwambia hakuna aliyefungwa. Deo alieleza, duara, ufa, mama mwenyewe akasema nimeelewa.

"Wifi, mama hakuelewa yale mambo ya duara. Hata mimi sikuyaelewa, nilitafsiri tu. Mlipoondoka aliniuliza, watamfunga? Nikamwambia ndiyo, watamfunga, asife kama Kulwa. Akasema, wamfunge. Aliyefungwa anarudi nyumbani, aliyezikwa harudi. Akanikataza nisikuguse na habari hiyo maisha yangu yote, wala mtu yeyote asikuguse, kwa sababu ni yeye aliyekutoa uzazi na wewe ulikwenda kwa utii."

Mchele ulikuwa umemwagika kidogo nikawa nauokota punje kwa punje. Doto akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa hiyo kumbe hukufungwa? Nikamwambia sikufungwa, mtoto hakuja tu. "Basi mama alibeba mzigo huo bure," alisema, akachukua ungo tena, maana watu walikuwa wanasubiri chakula.

Jioni watu walipopungua nilikwenda kaburini peke yangu. Udongo ulikuwa bado mabonge. Nilikuwa na miaka tisa ya kumwambia sentensi moja, akatulia moyo, na niliimaliza nikisubiri aniulize. Nilipiga goti kama siku zote. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sababu Kisukuma changu bado si cha kuaminiwa na sikutaka tena neno lipotee njiani. Nikamwambia, "Shikamoo Mama. Hawakunifunga. Kizazi kilibaki, mtoto ndiye hakuja, na wewe hukunitoa kitu." Nikakaa pale mpaka Doto aliponiita nikapakue.